Jibu la mteja limejificha wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Tanga, na barua pepe za mizigo tunazipokea kwa Thunderbird kwenye kompyuta ya mezani. Tangu programu isasishwe, kila barua inaonekana kama kadi, menyu ya juu imetoweka, na jibu la mteja kuhusu kontena lililoko bandarini sikuliona mpaka aliponipigia simu. Fundi anashauri tuifute programu na kuiweka upya. Je, nimkubalie?
Karani, Chumbageni

JIBU: Ndugu Karani, usimkubalie. Kadi hizo ziliingia na toleo la 115, lililotoka Julai 2023, na ofisi inayokawia kusasisha hukutana nazo kwa mkupuo.

Lenye uzito ni hilo jibu la mteja. Thunderbird huweza kuzikunja pamoja barua zinazojibizana, na zikishakunjwa, kinachobaki kuonekana ni barua ya kwanza, ikiwa na tarehe yake ya zamani. Mteja aliyekuandikia mwezi uliopita, ukamjibu, naye akajibu tena leo, jibu lake hukaa chini ya ile barua yake ya mwanzo. Kwa hiyo ukipitisha macho haraka utaona tarehe ya mwezi uliopita na kudhani ni jambo lililokwisha. Kwenye kadi huwa pana idadi ya majibu yaliyofichwa, ila imeandikwa kwa herufi ndogo mno kwa mtu mwenye makontena ya kufuatilia. Bonyeza kitufe cha nyota (*) ukiwa kwenye orodha, zote zitakunjuka. Ukitaka zisikunjwe kabisa, bofya alama ya mipangilio iliyo juu ya orodha, upande wa kulia, uchague barua zisifungamanishwe. Hapo hapo utaweza kurudisha jedwali badala ya kadi. Kwa maoni yangu, jedwali ndilo linalofaa ofisi yenye barua nyingi.

Menyu huonekana ukibonyeza Alt.

Ama kuhusu fundi, kuiondoa programu kwa kawaida hakugusi folda inayohifadhi mipangilio na barua zako, hivyo ukiiweka upya utayakuta yale yale. Akiifuta na folda hiyo, na akaunti yenu ikawa ya POP (njia ya kushusha barua hadi kwenye kompyuta yako) isiyobakiza nakala kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma wa barua pepe, barua zote za wateja zitakwenda nayo.