Tao lililochongoka na ukuta wa vioo

SWALI: Mhariri, kila nikipita Kanisa Kuu la All Saints hapa Nairobi huyatazama yale matao yaliyochongoka juu. Ni pambo tu, au yana kazi? Yana uhusiano wowote na maghorofa ya vioo ya Upper Hill? Nami nimepata kazi ya dirisha lenye tao la namna hiyo, upana mita 1.2. Nilichore vipi? – Fundi wa mawe, Kayole

JIBU: Kazi ipo, fundi. Tao la mawe husukuma kuta zake kwenda nje. La nusu duara ni fupi, basi msukumo wake ni mkali. Lililochongoka hupanda zaidi na kuuelekeza mzigo chini. Mafundi wa Ufaransa, tangu kanisa la Saint-Denis karibu na Paris, mwaka 1144, waliukusanya uzito wa dari kwenye mbavu za mawe, mbavu zikaushusha kwenye nguzo, na msukumo ukapokewa na viegemeo vya nje. Ukuta ulio kati ya nguzo ukatuliwa mzigo, ukawa kioo. Kwenye kanisa kuu la Beauvais, Ufaransa, walipandisha dari hadi mita 48. Sehemu yake ikaporomoka mwaka 1284.

Upper Hill ni wazo lilelile: fremu ya saruji na chuma hubeba ghorofa, kioo hujibeba chenyewe na kukabili upepo. Kwa maoni yetu, huo ndio urithi wa kweli wa mafundi hao, kuliko jengo la Woolworth la New York (1913, mita 241), ambalo urembo wake wa Kigothiki (mtindo wa matao hayo yaliyochongoka) ni vigae vilivyovishwa fremu ya chuma.

Sasa dirisha lako. Pigilia misumari miwili kwenye ubao, mita 1.2 kati yake. Funga uzi wa mita 1.2 kwenye msumari mmoja, anzia kwenye wa pili na uchore kwenda juu; kisha badilisha. Mikunjo itakutana kwenye kimo cha mita 1.04 hivi. Kata fremu ya mbao kwa mchoro huo, uikalishe juu ya kabari.

Panga mawe pande zote mbili kwa pamoja. Upande mmoja ukitangulia, fremu hulala. Na hapa ndipo wengi hukosea: kila kiungo kati ya jiwe na jiwe kielekee msumari uliochora mkunjo wake, yaani ule wa upande wa pili, si katikati ya dirisha. Ukielekeza katikati, mawe ya karibu na ncha hukosa kulaliana vizuri na huteleza. Simiti ikishakomaa, legeza kabari kidogo kidogo. Usiliweke dirisha karibu na pembe ya nyumba, maana msukumo utakosa ukuta wa kuupokea na ufa utaanzia begani mwa tao.