Herufi ya Kibuhid inaonekana kisanduku? Usifute kitu kwanza

Mkuu, umesema umenakili maneno ya Kibuhid, maandishi ya jamii ya Wabuhid wa Ufilipino, kutoka kwenye PDF ukayabandika kwenye ukurasa wako, na herufi ya nga imegeuka kisanduku kitupu. Unauliza kama kompyuta haiitambui. Inaitambua, ina namba yake tangu toleo 3.2, la mwaka 2002, la Unicode, ile orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba. Ila usifute chochote kwanza, maana mimi nilifuta.

Nilikuwa naandaa jedwali la maandishi ya dunia kwa ajili ya wanafunzi. Nikafika kwa Wabuhid, moja ya jamii za Wamangyan wa kisiwa cha Mindoro, Ufilipino, ambao herufi zao huchongwa kwenye mianzi kwa ncha ya kisu. Kila nilichobandika kilikuwa visanduku vitupu. Nikaamini faili limeharibika, nikafuta kazi ya jioni nzima. Kumbe kila kitu kilikuwa salama, kilichokosekana ni fonti tu. Nilipoweka Noto Sans Buhid zikatokea zote, na roho iliniuma sana.

Kwa hiyo kisanduku kisikutishe. Kinachotisha ni alama ya kuuliza. Ukiona "?" mahali pa herufi, mara nyingi imepita kwenye hifadhidata iliyowekwa latin1 (mpangilio wa herufi za Ulaya Magharibi tu), ikakataliwa, na "?" ikaandikwa badala yake. Hapo hata uweke fonti gani hairudi. Ukiona á imefuatwa na vikorokoro, bado una bahati: nga kwa UTF-8, namna ya kuhifadhi namba za Unicode, ni baiti tatu, E1 9D 85, na hiyo E1 ikisomwa kwa latin1 ndiyo inayotoka á. Rekebisha namna ya kusoma, usiguse maandishi.

Namba ya nga ni U+1745. Kwenye HTML unaweza kuandika ᝅ au ᝅ na ni kitu kilekile. Usitafute namba ya ngi wala ngu, hazipo. Konsonanti za Kibuhid huja na irabu a ndani yake, kwa hiyo ngi ni 1745 ikifuatwa na 1752, alama ya irabu i, na ngu ni 1745 ikifuatwa na 1753, alama ya irabu u. Konsonanti hutangulia siku zote. Kwenye maandishi yenyewe alama hiyo ya irabu huungana na herufi hadi umbo linabadilika, na kazi hiyo ni ya fonti, si yako. Ndiyo maana fungu zima la Kibuhid ndani ya Unicode lina herufi 20 tu: irabu tatu, konsonanti 15 na alama mbili za irabu. Alama zao za vituo, za kumalizia maneno na sentensi, wanazichangia na maandishi mengine ya Ufilipino, ziko U+1735 na U+1736 kwenye fungu la Hanunoo, maandishi ya jamii nyingine ya Wamangyan. Ukizikuta humo usidhani ni kosa.

Mimi nga ndiyo naipenda kuliko zote. Ni sauti yetu ya ng'ombe na ng'ambo! Sisi tunaiandika kwa alama tatu, na ile ritifaa inatusumbua kila siku: mmoja anaweka U+0027, programu ya mwingine inaigeuza U+2019, ukitafuta ng'ombe kwenye faili humpati. Wabuhid wameipa herufi moja, namba moja, basi.

Sasa fanya hivi. Bandika kisanduku chako kwenye Word ya Windows, weka kishale mara tu baada yake, bonyeza Alt na X. Ikitokea 1745, weka fonti uendelee na kazi. Ikitokea namba kati ya E000 na F8FF, basi aliyetengeneza PDF alitumia fonti yenye namba za kujitungia mwenyewe, na hapo itabidi uandike upya herufi kwa herufi ukiitazama PDF. Ukikwama leta hapa namba ulizopata, tutazipitia pamoja.