Kabla hujaamini, kabla hujabisha

Mwanzoni mwa 2011, mtaani kwetu Arusha hapakuwa na habari nyingine ila kikombe cha Babu. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, alikuwa akiwanywesha watu dawa ya mti wa mugariga kijijini Samunge, Loliondo, kikombe kimoja kwa shilingi 500, akisema Mungu amemwonyesha ndotoni kwamba inaponya ukimwi, kisukari, kansa na mengine. Foleni ya magari ilikwenda kilomita na kilomita. Mawaziri walikwenda wakanywa. Wagonjwa walitolewa wodini wakapakiwa kwenye magari, na wapo waliokata roho wakiwa bado foleni.

Nyumbani kwetu mgonjwa alikuwa shangazi, mwenye kisukari cha muda mrefu. Familia ikagawanyika. Baba mdogo alikwishapata gari la kukodi, na alitaka shangazi aache vidonge siku ileile, maana kuendelea navyo aliona ni kukosa imani. Kaka yangu mkubwa hakutaka hata kusikia. Alisema wote wanaokwenda kule ni wajinga, akainuka akaondoka. Mimi naamini kaka alituharibia sawasawa na baba mdogo. Shangazi aliposikia neno lile aliacha kuuliza maswali. Kabla ya hapo alikuwa akiuliza: dawa inafanyaje kazi, nani amepona, amepimwa wapi. Baada ya hapo safari ikawa ni ya kulinda heshima yake.

Aliyetutoa hapo ni mama, muuguzi mstaafu. Hakubisha, hakushangilia. Alimwambia, "Wifi, nenda ukanywe. Ila vidonge vyako unaenda navyo. Kabla hujapanda gari tunapima sukari, na ukirudi tunapima tena." Akachukua kaunta buku ya hesabu za duka, akachora mstari katikati ya ukurasa: tarehe huku, namba kule. Kila asubuhi kabla ya chai shangazi alichomwa kidole, tone la damu likawekwa kwenye mashine, na yeye mwenyewe ndiye aliyeandika. Kwa nini yeye? Mama alisema mtu habishani na mwandiko wake.

Aliporudi kutoka Samunge aliendelea kuandika. Namba zilibaki palepale zilipokuwa. Mama hakusema neno, na shangazi mwenyewe ndiye aliyesema, "Basi tuendelee na vidonge." Jirani yetu mmoja, aliyetupa ARV zake baada ya kikombe, hakumaliza mwaka.

Ndiyo maana nawasihi: kujaribu kitu kipya ni vizuri, lakini angalia kwanza ukikosea utapoteza nini. Kunywa kikombe huku vidonge viko mkononi ni jaribio. Kunywa na kutupa vidonge ni kamari ya uhai, na hata ukipata nafuu kwa siku chache hujui imetoka wapi. Fedha nazo ni vilevile. Akikuletea rafiki biashara inayolipa haraka, kiasi unachoweza kukipoteza bila watoto kurudishwa nyumbani kwa ada ndicho cha kujaribia, na uwe umejua mapema utatoka lini.

Kwa upande wa kukataa, sisi tuna kisa ambacho dunia nzima inakijua. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu shule ya sekondari Magamba, Lushoto, aliingiza maziwa ya aiskrimu kwenye friji yakiwa ya moto, kwa kuogopa kukosa nafasi. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine aliibeza kuwa ni fizikia ya Mpemba, na darasa likaufanya msemo. Akaja Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza tena, wenzake wakacheka. Osborne hakumwambia ndiyo, hakumwambia hapana. Alimwomba arudie swali, akaahidi kwenda kulijaribu.

Sehemu inayonigusa zaidi ni ya fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo Dar es Salaam. Aliripoti kwamba kweli maji ya moto yalitangulia kuganda, ila ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Kipimo kimeshamjibu, yeye bado anakisubiri kimpe jibu alilokuja nalo. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao pamoja. Wanafizikia wanaendelea kubishana mpaka leo. Wapo waliolirudia jaribio wakaona vilevile, wapo ambao hawakuona. Lakini kila anayebisha sasa inabidi apime kwanza, na hicho ndicho kijana yule alichokuwa akiomba tangu Magamba.

Mimi nimejizoeza swali moja, na naliuliza mapema, kabla mabishano hayajapamba moto: nikiona nini nitabadili mawazo? Kama ni dawa, kipimo gani na baada ya muda gani? Kama ni mchumba wa mwanangu ambaye simpendi, afanye nini ndipo nimkubali? Nikikosa jibu, najua bado sijafikiri, nimechagua upande tu. Jibu nikilipata naliandika, maana matokeo yakija tofauti na tulivyotaka, wote tunakuwa wepesi wa kusahau tulichosema. Kwa wazee, kwanza nawaeleza jibu langu mimi, kisha ndipo nawauliza lao.