Muulize Afande Mstaafu: Kwa nini nimnunulie sabuni aliyemkata mdogo wangu?

*Shikamoo Afande. Jumapili iliyopita kanisani tulitangaziwa mchango wa wafungwa: sabuni, ndala, dawa ya meno. Kapu lilipofika kwangu nikalipitisha kwa jirani bila kutia kitu, na mzee wa kanisa aliniona. Tangu hapo ananitazama kama mtu aliyeasi. Afande, miaka miwili iliyopita mdogo wangu, dereva wa bodaboda, alikodiwa usiku na vijana wawili. Wakamkata panga, wakaondoka na pikipiki. Mkono wake wa kushoto haushiki kitu tena. Mmoja wao alikamatwa, kapigwa miaka 30. Anakula, analala, anatibiwa kwa kodi yangu. Mdogo wangu pikipiki ilikuwa ya mkataba, mwenye nayo bado anamdai, na hakuna aliyemletea hata mche mmoja wa sabuni. Wewe umeishi nao. Hivi hawa watu wanastahili huruma yetu?*
Kaka mtu, Tabora

Marahaba mwanangu. Pole sana, na pole zangu zimfikie mdogo wako.

Nianze na huyo mzee wa kanisa. Hana ruhusa ya kukukagua usoni. Nimevaa sare ya Magereza miaka 29, mingi kati ya hiyo nikiwa upande wa wanawake, na sijaona popote palipoandikwa kwamba ndugu wa aliyekatwa panga ndiye atangulie kutoa. Watoe kwanza wale ambao hawajaguswa. Wako wengi, na mara nyingi ndio wenye maneno makali kuliko wewe.

Hilo la kula bure nimelisikia tangu nikiwa kuruta. Hata Rais Magufuli, Julai 2018, alisema ni aibu serikali kuwalisha wafungwa wenye nguvu na ardhi ipo, walime wajilishe. Watu wengi walifurahi. Mimi nilicheka kidogo peke yangu jikoni, maana nilikumbuka zile asubuhi za kufungua milango kungali na giza, wanahesabiwa wamechuchumaa watano watano, kisha majembe begani. Sijui watu walidhani wale walikuwa wanakwenda matembezi. Ukipata nafasi tazama viatu vya Karanga pale Moshi, au uliza miwa ya Mbigiri kule Morogoro inapaliliwa na nani. Na chakula chenyewe ni ugali na maharage, kesho maharage na ugali. Hakuna anayenenepa humo.

Lakini hayo ni ya kodi, na najua kodi sio inayokuuma.

Kapu lile, mwanangu, halikuwa la aliyemkata mdogo wako. Yeye ni mmoja. Karibu nusu ya watu walio ndani ya magereza yetu ni mahabusu. Hao hata sare ya rangi ya chungwa hawajavaa, wamo na nguo walizokamatwa nazo. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inasema mshtakiwa asitendewe kama mwenye kosa hadi ithibitike. Kila siku 14 wanapandishwa karandinga, wanafika mahakamani, wanasikia "upelelezi haujakamilika", wanarudi. Mwenye kesi ya mauaji hana dhamana, basi anakwenda na kurudi miaka.

Na wengine dhamana wanayo, mtu wa kuwadhamini ndiye hayupo. Miaka ya nyuma, gereza nisilolitaja, tuliletewa binti wa miaka 19, dada wa kazi, mwenyeji wa Singida. Mama mwenye nyumba alisema kamwibia mkufu. Mahakama ikampa dhamana: wadhamini wawili, wenye barua za serikali ya mtaa. Sasa binti aliyekuja mjini kwa basi na kufikia moja kwa moja jikoni kwa mtu, anamjua nani wa kumwandikia barua? Mtu pekee aliyemjua mjini ndiye aliyemshtaki. Akakaa miezi minane. Mlalamikaji hakutokea mahakamani, mara ya kwanza, ya pili, mwishowe hakimu akaifuta kesi. Siku ya kutoka nilimsindikiza getini. Akatazama barabara, akatazama kushoto na kulia, akanigeukia: "Afande, naweza kulala humu mpaka kesho?"

Nauli nilimpa mimi. Sikumpa kwa wema. Nilimpa kwa sababu sikuwa na jibu.

Sasa tumfikie mwenye miaka 30, maana najua hukuniandikia unisikilize habari za dada wa kazi. Huyo ana hatia, imethibitika. Unyang'anyi wa kutumia silaha kwa sheria yetu haupungui miaka 30, na kwa tabia njema huondolewa theluthi, kwa hiyo mhesabie 20. Wapo watakaokwambia umhurumie ili akitoka asiwe mbaya zaidi. Hoja hiyo siipendi. Sabuni ya namna hiyo ni ushuru wa kumlipa mwizi asirudi.

Ninalokwambia ni hili. Hakimu alisema miaka 30. Hakusema upele. Hakusema na meno yaoze, wala alale wanne kwenye nafasi ya mmoja, ubavu kwa ubavu, akigeuka mmoja wageuke wote. Adhabu ni kufungiwa mlango. Hayo mengine yameingia yenyewe kwa uchache wa nafasi na wa fedha, hayamo kwenye hukumu, na mdogo wako hapati chochote kwayo.

Niliwahi kumlinda mwanamke aliyemmwagia mtoto wa mumewe uji wa moto kwa makusudi. Nilisoma jalada lake, nikajuta kulisoma. Baada ya hapo nilijiwekea utaratibu wa kutosoma jalada la mtu kabla sijamzoea kwa miezi. Huyo mama sikumhurumia hata siku moja. Hata leo nikimkumbuka simhurumii. Lakini asubuhi nilimpimia uji wake kikombe sawa na wa wenzake, na alipougua nilimpeleka zahanati, nikakaa naye kwenye benchi hadi alipoitwa. Mnyapara wake alinishangaa. Akadhani nimemsamehe. Sikumsamehe, si mimi niliyemwagiwa. Uji ulikuwa haki yake. Moyo wangu ulikuwa wangu.

Kwa hiyo ukiniuliza kama anastahili huruma yako, nakujibu: yako wewe, hapana, mpaka utakapotaka mwenyewe. Sabuni ya mtu asiye wewe, ndiyo.

Na sasa linaloniudhi kwenye barua yako kuliko yote: mdogo wako. Je, hukumu ilipotolewa mahakama iliamuru alipwe fidia? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kumwamuru aliyetiwa hatiani kumlipa aliyeumia. Ombeni nakala ya hukumu, isomeni mpaka mstari wa mwisho. Kama haimo, yako madai ya kawaida, lakini hayo yana muda wa miaka mitatu tangu tukio, na ninyi miwili imeshakwenda. Mtafuteni msaidizi wa kisheria mwezi huu, msingoje. Najua mnyang'anyi wa pikipiki hana cha kulipa leo. Amri ya mahakama hata hivyo ni bora kuliko kunyamaza.

Na Jumapili, mwambie yule mzee kwa adabu kwamba kapu lipite mara mbili. Mara ya pili liwe la deni la pikipiki. Ukiona anakwepa, utakuwa umejua anamhurumia nani na kwa nini.

*Afande, mwaka 2017 binti yangu alikuwa na miaka saba. Rais alipowasamehe Nguza Viking na Papii Kocha mtaa wetu ulipiga vigelegele. Mimi nilizima redio nikaingia ndani. Wenzangu wakasema nina roho mbaya. Nilikosea?*
Mama mtu, Temeke

Hukukosea, mama, kila mtu azime redio yake.

Kwa wasomaji wadogo: mwaka 2004 Mahakama ya Kisutu iliwahukumu mwanamuziki huyo na wanawe watatu kifungo cha maisha kwa kuwabaka watoto wa shule ya msingi. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikawaachia wana wawili, ikambakiza baba na Papii. Tarehe 9 Desemba 2017, sherehe za Uhuru Dodoma, Rais akatumia mamlaka ya ibara ya 45 ya Katiba akawatoa. Machi 2018 Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha ikasema haki zao za kusikilizwa ipasavyo hazikutimizwa zote. Kwa hiyo aliyeshangilia alikuwa na lake la kushika, na wewe mwenye binti wa miaka saba ulikuwa na lako.

Mimi siku ile nilikuwa nasikiliza kitu kingine. Katika tangazo hilohilo walisamehewa watu 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa. Sitini na mmoja! Sikusikia kigelegele hata kimoja kwa ajili yao, wala mtu aliyezima redio. Nitajie jina la mmoja. Huruma ya mtaa, mama, huenda kwa mtu ambaye sauti yake tuliichezea harusini. Asiye na wimbo hukaa hadi afe, awe ameonewa au hakuonewa.

Binti yako sasa ni mkubwa. Msalimie.

*Shikamoo Afande. Kikundi chetu cha vikoba, wanawake 22, tunataka kutembelea wafungwa wanawake. Tupeleke nini?*
Katibu, Morogoro

Marahaba. Mwanzo kabisa, mwandikieni mkuu wa gereza, msiende na basi mkashushwa getini. Atawaambia idadi ya wanawake na kama kuna watoto wanaonyonya walio ndani na mama zao. Hao hawana kosa lolote, na ndio husahaulika kwenye orodha. Chakula kilichopikwa msipeleke bila kuuliza. Pesa msifiche kwenye kitu chochote, upekuzi upo na mtaniabisha.

Taulo za kike pelekeni nyingi kuliko mnavyodhani. Kila kikundi huleta biskuti, na kila mara nilikuwa naona wanawake wazima wanazitazama zile biskuti kwa adabu, wanashukuru, halafu mmoja ananifuata pembeni kuuliza kama kuna kitambaa chochote. Ndala ziwe namba kubwa na ndogo. Nguo za ndani ziwe mpya. Nimeona za mitumba zilizochakaa zikitolewa mbele ya kamera, na mtoaji anatabasamu. Kwa habari ya kamera, iacheni nyumbani.

Sabuni chukueni ya mche. Ya unga inamwagika na ya kunukia inaleta ugomvi. Ila ikateni kabisa kabla ya kuja, mche mmoja vipande vinane. Kule ndani kisu hakipo, huwa tunaikata kwa uzi, mmoja anashika huku na mwingine anashika kule, na wenzao wote wamesimama wanapima kwa macho kipande kipi kimezidi.