Mshtuko wa moyo, au moyo umesimama?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi wa idara ya dharura, Morogoro. Daktari alisoma ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya mzee mmoja akasema amepata "mshtuko wa moyo". Mwanawe akabisha: "Baba hajashtuliwa na kitu, alikuwa amelala." Mwenzangu anataka tuwe tunasema "moyo umesimama". Lipi sahihi?

JIBU: Marahaba. La mwenzako tuliondoe kwanza, maana litazusha kilio wodini. Moyo uliosimama hausukumi damu. Mwenye nao amepoteza fahamu, na anachohitaji ni kukandamizwa kifua papo hapo. Mzee wenu alizibwa mshipa unaolisha msuli wa moyo, na huenda daktari aliona kwenye karatasi ya ECG kipande cha mchoro kiitwacho ST kimenyanyuka. Kuziba huko kunaweza kuufanya moyo usimame, lakini ni mambo mawili.

"Mshtuko wa moyo" ni sahihi na limeenea. Tatizo ni kwamba "mshtuko" limebebeshwa mengi. Mtaani ni hofu ya ghafla. Hospitalini ni pia ile hali ya damu kushindwa kuvifikia viungo vya mwili, mara nyingi presha ikiwa imeporomoka. Tena mashine ya kuupiga moyo umeme nayo "hutoa mshtuko". Basi daktari anaweza kusema, bila kuvunja kanuni yoyote ya sarufi, kwamba mgonjwa wa mshtuko wa moyo ameingia kwenye mshtuko akapewa mshtuko. Ndugu ataelewa lipi? (Mashine hiyo, kwa taarifa ya wapenda filamu, ni ya moyo unaotetemeka ovyo au kwenda mbio kupita kiasi, mstari ulionyooka haupigwi umeme.)

"Shambulio la moyo" halina utata huo, ila kwangu linanuka tafsiri. Kwenye faili andikeni mshtuko wa moyo. Kwa ndugu semeni hivi: "Mshipa wa damu wa moyo umeziba." Mashine nayo, semeni "inaupiga moyo umeme".

Hukuuliza, lakini nalisikia sana: "Mama, twende kwenye kipimo cha umeme." Wagonjwa wanaogopa kupigwa shoti! Malizieni: kipimo cha umeme *wa moyo*. Zile waya 10 hazipeleki umeme wa kumtikisa mtu. Zinapokea ule ambao moyo wenyewe unautoa.