Mkuu usipeleke hiyo simu ya zamani ikafutwe leo, nisome kwanza

Mkuu simama hapo hapo. Umeandika umenunua simu mpya, unataka kuhamisha meseji za WhatsApp na SMS, unatafuta PDF zako za zamani ulizotumiwa kwenye chati, unauliza na namna ya kuediti CV kwenye simu, halafu mwishoni kabisa kama kitu kidogo tu ukasema jamaa wa dukani anataka umpelekee simu ya zamani leo jioni aifomati akupunguzie 80,000. Hilo la mwishoni ndilo limenifanya niache chakula mezani nije kuandika. Usipeleke. Hata kama ameshakupigia mara tatu, usipeleke.

Mimi nilipeleka. Mwaka 2022, mwezi wa nne.

Wakati huo nilikuwa nanunua kiwanja Chanika kwa mzee mmoja, tumekubaliana 4,500,000 kwa awamu. Milioni 2 za kwanza tuliandikishana vizuri ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wapo, muhuri upo. Milioni ya tatu nikamtumia kwa M-Pesa. Halafu ikaja awamu ya laki 9, hiyo nilimpa mkononi, tumekaa kwenye kibanda cha chai, yeye ana haraka ya kwenda msibani na mjumbe naye yuko huko huko msibani, mzee akasema mwanangu nitakutumia meseji usiku. Na kweli usiku meseji ikaingia kutoka kwenye simu ya binti yake, naikumbuka mpaka leo neno kwa neno: "Nimepokea laki tisa imebaki laki sita Mungu akubariki". Na voisi juu, sauti ya mzee mwenyewe, ananiombea dua na kunitajia kiasi. Nikaona hapo nina ushahidi kuliko hata karatasi, maana karatasi inaloa.

Wiki mbili baadaye simu ikaanza kuzingua chaji, nikaenda dukani kubadilisha, nitoe ya zamani niongeze hela nichukue mpya. Nikamuuliza yule kijana, sasa meseji zangu? Akanijibu huku anabandika protekta, "Braza ondoa wasiwasi, WhatsApp iko Google, ukiweka namba yako tu kila kitu kinashuka chenyewe." Alivyosema kwa uhakika ule ungedhani yeye ndiye aliyeitengeneza. Akachukua simu yangu ya zamani, akaingia setingi, akafuta kila kitu mbele ya macho yangu, dakika mbili haziishi, akaiweka kwenye kabati la kioo na kibandiko cha bei. Nikatoka nafurahia simu mpya.

Nyumbani nikaweka WhatsApp, namba ikathibitishwa, ikatafuta bakapu, yaani nakala ya meseji iliyotunzwa pembeni, ikasema haijaona. Kuna kitufe cha kuruka pale, nikakibonyeza. Sasa sikia kilichonidanganya: magrupu yakaanza kuingia, la ukoo, la kazini, la wapangaji, majina na picha zote zipo, nikakaa naangalia yanavyojipanga nikajua meseji nazo ziko njiani. Hazikuwa njiani. Grupu linarudi kwa sababu namba yako bado ni mwanachama, ila yaliyoandikwa ndani hayarudi bila bakapu. Nilisubiri mpaka asubuhi, chati ya yule binti haikuwepo kabisa, hata jina.

Kwa nini haikuona bakapu? Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu mkuu. Bakapu ya WhatsApp kwenye Android inakaa kwenye akaunti ya Google, na kuirudisha unahitaji imeili ileile NA namba ileile. Namba ilikuwa ileile. Imeili je? Ile simu ya zamani nilinunua 2019 na imeili alinifungulia muuzaji, kama wanavyofanya wengi, unakabidhiwa simu inawaka, Play Store inafanya kazi, hujui paswedi wala hujui kama kuna kitu kinaitwa paswedi. Jina langu na tarakimu kadhaa nyuma yake, basi. Na huyu wa pili naye akanifungulia nyingine mpya kabisa. Kwa hiyo meseji zangu zilikuwepo, salama, kwenye akaunti yenye jina langu ambayo siwezi kuifungua. Nilipojaribu njia ya kusahau paswedi, Google ikasema inatuma kodi kwenye namba inayoishia na tarakimu mbili ambazo si zangu. Namba ya yule muuzaji! Nikafunga safari kumtafuta, pale palipokuwa duka la simu wanauza mapazia.

Nyie mnaouza simu na kufungulia watu imeili kwa namba zenu na paswedi zenu, naandika hapa kwa hasira na sitaifuta: mnajua mnachofanya? Mtu anaweka humo picha za watoto, mikataba, vyeti, miaka mitatu, minne, kumbe ufunguo wa nyumba unao wewe na umeshautupa. Mkalishe mteja chini dakika tano aandike paswedi yake mwenyewe na namba yake mwenyewe, mbona bei mnajua kuelekeza?

Basi nikasema nirudi kwa yule wa kabati la kioo, pengine simu haijauzwa. Ilikuwepo. Nikainunua tena, ndiyo, simu yangu mwenyewe, nikampelekea fundi aliyesema ana programu ya kurudisha vilivyofutwa, 40,000 mbele. Siku ya tatu akanikabidhi folda yenye picha za maua na vialama vya programu, vitu vilivyokuja na simu kutoka kiwandani. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba simu za Android za miaka hii zinafunga data yote kwa usimbaji, yaani haisomeki bila ufunguo ulio ndani ya simu, na ukifuta kila kitu kinachotupwa ni ule ufunguo, sasa hata vipande vikibaki humo ni takataka tupu hazisomeki. Fundi anayekuahidi kurudisha meseji kwenye simu iliyofutwa kiwandani, mwombe akuoneshe kwanza halafu ndiyo umlipe.

Na inayouma zaidi, kabla ya kufutwa ile simu ilikuwa na bakapu yake yenyewe ndani. WhatsApp kila usiku saa nane inaandika nakala kwenye simu na kutunza za siku saba za mwisho. Ningetoka na ile folda tu kwenye memori kadi, nisingehitaji Google wala imeili ya mtu.

Mwezi wa nane nikaenda kumaliza laki 6 nikamkuta kijana wa mzee ndiye anasimamia, daftari lake linasema nadaiwa 1,500,000. Tukaenda serikali ya mtaa. Milioni ya M-Pesa haikuwa shida, meseji ilipotea lakini niliomba taarifa ya miamala ikatoka na tarehe na kila kitu. Laki 9 mwenyekiti akaniuliza, ushahidi uko wapi? Mzee ameshaanza kusahau, ananiangalia kwa huruma anasema mwanangu sikumbuki. Binti aliyetuma meseji simu yake iliibiwa kwenye daladala. Jamaa yangu mmoja mwanasheria akaniambia tangu ile Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 meseji inapokelewa mahakamani, ila uwe nayo. Nikalipa laki 9 mara ya pili, kwa miezi mitatu, nikiwa najua kabisa nilishailipa.

Kwa hiyo ukiniuliza 80,000 ya kupunguziwa leo jioni, mimi najua inaweza kugharimu kiasi gani.

Sasa fanya hivi, na ufanye ukiwa nyumbani, si kwenye kaunta ya mtu. Chukua simu ya ZAMANI, fungua WhatsApp, vidoti vitatu juu, setingi, chati, bakapu ya chati. Pale kuna vitu viwili tu vya kuangalia: tarehe ya bakapu ya mwisho, na imeili. Kama imeili huijui au huna paswedi yake, ongeza imeili yako kwenye hiyo simu, rudi pale pale uibadilishe, bonyeza bakapu, iache kwenye Wi-Fi mpaka imalize. Jua pia kwamba Google wanakupa GB 15 za bure kwa kila kitu, Gmail na picha humo humo, na zamani bakapu ya WhatsApp ilikuwa haihesabiwi lakini tangu 2024 inahesabiwa, kwa hiyo inaweza kugoma kimyakimya kwa sababu nafasi imejaa. Toa video, iache iende na zilizobaki. Na kama uliwahi kuifunga bakapu kwa paswedi au ule ufunguo wa tarakimu 64, hakikisha unao kwenye karatasi, maana ukiupoteza hakuna wa kukufungulia, hata WhatsApp wenyewe hawawezi.

Kama zote mbili ni Android, kuna njia nzuri zaidi iliyokuja 2023, sisi wa 2022 hatukuwa nayo: setingi, chati, hamisha chati, simu zinawekwa pamoja, moja inascan QR ya nyingine, zinahama moja kwa moja bila Google. Ila usinielewe vibaya, na hii pia haikupi ruhusa ya kufuta. Kama mpya ni iPhone ni habari nyingine, bakapu ya Google haisomeki kule, kuna programu ya Apple ya kuhamia na inataka iPhone ikiwa bado mpya haijaanza kutumika, kwa hiyo usiwe na haraka ya kuiwasha ukaijaza.

Kwenye simu mpya ikikuuliza kurudisha bakapu, USIRUKE. Ikisema haioni, simama, angalia imeili. Ukiruka hairudi kukuuliza mpaka uitoe WhatsApp uiweke upya, na ukichelewa simu mpya itaandika bakapu yake tupu juu ya ile ya zamani kwenye imeili ileile, hapo hakuna kurudi nyuma.

Na hili ndilo nilinalo, nalisema kwa kila mtu mpaka ofisini wamenichoka: simu ya zamani haifutwi, haiuzwi, haigawiwi, mpaka simu mpya uizime data na Wi-Fi halafu ufungue kwa mkono wako meseji ya zamani kuliko zote unayoihitaji. Uzime data, usisahau hapo. Kwa sababu ukiwa na intaneti unaona picha na jina la PDF unadhani unayo, kumbe ni kivuli tu chenye kimshale cha kupakua, na faili la zamani ukibonyeza wakati mwingine inakwambia halipo tena, mwombe aliyetuma atume upya. Sasa kama alishafariki, muombe marehemu. Zima data, fungua PDF mpaka ukurasa wa mwisho, cheza voisi mpaka iishe. Ikifunguka, unayo. Isipofunguka, iko kwenye simu ya zamani bado, na unajua pa kuipata. Mimi nakaa nayo siku 30 droo ya kitanda. Ukisajili namba kwenye mpya, ile ya zamani WhatsApp yake inatoka lakini mafaili yake hayatoki.

Chati ya pesa au ya mkataba usiiachie bakapu peke yake. Ingia kwenye chati yenyewe, vidoti vitatu, zaidi, toa chati, itume kwenye imeili yako. Haiwezi kurudishwa ndani ya WhatsApp, ila inasomeka popote ikiwa na tarehe na saa.

PDF zako: kwenye simu ya zamani fungua mafaili, Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, WhatsApp Documents. Zile zisizo na jina zinaanza na DOC ikifuatiwa na mwaka, mwezi na siku, kwa hiyo kama unakumbuka ulitumiwa lini tafuta kwa tarehe, DOC-20230614 hivi. Kopi folda nzima kwenye memori kadi au laptopu, usichague moja moja, utaacha ile unayoihitaji. SMS sikufikia, wataalamu wapo humu watakueleza, na CV pia. Nijuavyo ni kwamba uihifadhi kwanza kwenye simu kabla hujaanza kuandika, ukiifungua ndani ya chati na kuediti hapo hapo, mabadiliko yanaweza kupotea.

Wanaocheka huko nyuma nawaona, chekeni tu ila kabla ya kucheka nendeni mkaangalie imeili iliyoandikwa pale kwenye bakapu zenu, kisha mje mcheke.

Wewe jamaa wa dukani mwambie utakuja Jumamosi ijayo. Akisema ofa inaisha leo, iishe. Halafu nijibu hapa, usitaje imeili yenyewe: pale kwenye bakapu imeandikwa tarehe ngapi?