Zile nyota za Subaru ni za nini?

SWALI: Mhariri sasa, nilipeleka Subaru yangu Kirinyaga Road kuwekewa beji mpya ya mbele, fundi akaniambia ati zile nyota ni kama za cheo cha polisi, zikizidi ujue injini ni kubwa. Ni ukweli ama ananibeba ujinga? Na mbona moja ni kubwa kuliko zingine?
Msomaji, Umoja

JIBU: Hapo umechezwa ndugu yangu. Nyota ni sita kwa kila Subaru, iwe Impreza ya wale vijana wa kupiga kelele Thika Road usiku ama Forester ya mzee wa kanisa. Hizo ni Kilimia, lile fungu la nyota wakulima huangalia kujua msimu wa kupanda, na kwa Kijapani linaitwa Subaru, jina lililochaguliwa na rais wa kampuni, Kenji Kita. Sasa hiyo kubwa ndio iko na stori. Kulikuwa na kampuni ya ndege inaitwa Nakajima, ilitengenezea jeshi la Japani ndege kibao, vita ikaisha 1945 kazi ya ndege ikapigwa marufuku, ikavunjwa ikawa vikampuni, wengine wakaingia kwa skuta wengine bodi za basi, si unajua njaa haina staha. 1953 kampuni tano zikaungana kuzaa Fuji Heavy Industries, kwa hivyo nyota ndogo tano ni hizo na kubwa ni yule mama aliyezikusanya. Jina la kampuni lilibadilishwa kuwa Subaru 2017 tu.

Ukitaka kujua ukubwa wa injini soma logbuku, cc zimeandikwa hapo.